Ferdinand Porsche, Fundi wa Magari ya Nguvu Mbili

Katika nchi ya Bohemia, ambayo siku hizi ni sehemu ya Ucheki, upo mji mdogo ambao Wajerumani waliuita Maffersdorf. Zamani nchi hiyo ilikuwa chini ya Kaisari wa Austria. Hapo, tarehe 3 Septemba 1875, alizaliwa mtoto wa tatu wa fundi wa bati mmoja aliyeitwa Anton Porsche, na mtoto huyo akapewa jina la Ferdinand.

Baba yake alikuwa fundi mwenye sifa, na desturi ya nchi ilikuwa mwana kurithi nyundo ya babaye. Mwana wa kwanza ndiye aliyetazamiwa kuirithi, lakini alikufa kwa ajali ya kazini. Basi zamu ikamwangukia Ferdinand. Akawekwa karakanani angali mdogo, akajifunza kukata bati, kulikunja na kulitia risasi. Kazi aliiweza, ila moyo wake haukuwa katika bati. Karibu na kwao kilikuwako kiwanda kikubwa cha mazulia, mali ya watu wa nyumba ya Ginzkey, na kiwanda hicho kilikuwa na taa za umeme, jambo lililokuwa geni kabisa wakati ule. Kijana alivutwa na taa zile kama kumbikumbi. Baba hakupenda, kwa kuwa aliona umeme ni mchezo usiolisha watu. Lakini mwisho alikubali mwanawe asome jioni, baada ya kazi ya mchana, katika shule ya ufundi ya mji wa jirani, Reichenberg. Mwaka 1893 Ferdinand aliweka taa za umeme katika nyumba ya wazazi wake, na baada ya hapo haikuwezekana tena kusema kwamba kijana huyu anacheza.

Mwaka uo huo, naye ana umri wa miaka kumi na minane, alikwenda Vienna, mji mkuu wa Kaisari, akaajiriwa katika kiwanda cha mitambo ya umeme cha Béla Egger. Hakuwa na cheti cha shule kubwa, wala hakuwa na fedha za kujilipia masomo. Kwa hiyo, kila alipopata nafasi baada ya kazi, alipenya katika Chuo cha Ufundi cha Vienna, akaketi miongoni mwa wanafunzi wenye haki ya kuwapo, akasikiliza. Elimu yake ya juu yote ndiyo hiyo. Kwa miaka michache tu akapanda kutoka kazi za chini hata akawa msimamizi wa chumba cha majaribio.

Wakati ule Ulaya ilikuwa bado haijaamua gari lisilovutwa na farasi liendeshwe kwa nini. Wengine walitumia mvuke, wengine petroli, na wengine umeme. Yafaa kueleza tofauti ya nguvu hizi mbili za mwisho, maana kazi yote ya Porsche imesimama juu yake.

Injini ya petroli hupata nguvu kwa kuchoma petroli na hewa ndani ya silinda. Injini hiyo ina mwendo wake inaoupenda. Ikizunguka polepole haina nguvu, na ikitwikwa mzigo katika hali hiyo huzimika. Ikizungushwa mbio kupita kiasi hula petroli bure na kujiharibu. Kati ya polepole mno na mbio mno upo mwendo mmoja ambao hapo injini hutoa kazi nyingi kwa petroli chache. Lakini barabara haiulizi injini inapenda nini. Mara kilima, mara bonde, mara mbuzi amekatiza njia. Ndiyo sababu gari la petroli lina gia, na dereva hana budi kuzibadili kila mara, kama mtu anayepanda mlima kwa baiskeli asivyoweza kukanyaga kama anavyokanyaga penye tambarare. Katika siku zile gia zilikuwa za kusagana na kupiga kelele, na madereva wengi walizivunja.

Mota ya umeme haina tabia hiyo. Tangu gurudumu linaposimama, mota huvuta kwa nguvu kubwa, wala haizimiki kwa kuelemewa, wala haihitaji gia nyingi. Kasoro yake iko katika chakula chake. Umeme ulitoka katika betri za risasi na tindikali, nazo zilikuwa nzito kama mawe ya kujengea, na zilipokwisha nguvu ilibidi gari lisimame saa nyingi lijazwe tena.

Mwaka 1898 Porsche aliingia katika kazi ya Jakob Lohner na Wenziwe, watengenezaji wa magari ya farasi ya jamaa ya Kaisari. Bwana Ludwig Lohner, mwenye kampuni, aliona mbele kwamba siku za farasi zinakwisha. Porsche alimletea wazo ambalo lilikuwa rahisi kulisema na gumu kulitenda: kuweka mota ya umeme ndani ya kitovu cha gurudumu lenyewe. Hapo hapana mnyororo, hapana gia, hapana ufito wa kuzungusha. Gurudumu ndilo mota. Gari hilo, lenye mota mbili katika magurudumu ya mbele, lilionyeshwa kwenye Maonyesho Makubwa ya Paris mwaka 1900, na jina la fundi wa miaka ishirini na minne likasikika katika nchi nyingi.

Lakini betri ya gari lile ilikuwa na uzito wa kilo 410, na iliweza kulipeleka kilometa 50 tu, au karibu na hapo. Mwingereza mmoja wa mji wa Luton, jina lake E. W. Hart, akaagiza gari lenye mota katika magurudumu yote manne, lifae kwa mashindano. Porsche akalitengeneza. Betri zake peke yake zilikuwa kilo 1,800. Mtu anaweza kuona upuuzi wa jambo hilo: gari limekuwa mchukuzi aliyebeba chakula kingi hata hana nguvu za kubeba mzigo mwingine. Kila betri iliyoongezwa ili gari lifike mbali iliongeza uzito, na uzito ulikula nguvu za betri ile ile.

Porsche aliona vema kwamba njia hiyo haina mwisho mwema. Basi akafikiri kinyume. Badala ya kuongeza betri, akazipunguza, na katikati ya gari akaweka injini mbili ndogo za petroli zilizotengenezwa Ufaransa na De Dion-Bouton. Injini hizo hazikushikamana na magurudumu hata kidogo. Kila moja ilizungusha dainamo yake, na dainamo zikatoa umeme uliokwenda kwa njia ya waya hata kwenye mota za magurudumu. Umeme uliozidi ulijaza betri. Gari lilipohitaji nguvu zaidi, betri ilirudisha ilichopokea.

Gari hilo alilianza mwaka 1900, akaliita kwa Kilatini Semper Vivus, maana yake Hai Daima, kwa sababu halikufa njiani kama magari ya betri tupu. Liliweza kwenda kilometa 200. Mwendo wake mkubwa ulikuwa kilometa 35 kwa saa, ambao leo hata piki-piki kuukuu yaupita.

Uzuri wa mashine hiyo haukuwa katika mbio, bali katika namna ya kuitawala injini. Katika gari la kawaida injini ni mtumwa wa barabara: kilima kikija inakokota, bonde likija inakimbia. Katika Semper Vivus injini iliwekwa izunguke kwa mwendo mmoja ulio sawa, ule inaoupenda, na mabadiliko yote ya barabara yakaachiwa umeme. Dereva aliongeza au kupunguza mwendo kwa wenzo, kama mwendesha tramu. Tena Porsche alitumia dainamo kwa kazi ya pili. Injini za siku zile ziliwashwa kwa kuzungushwa kwa mkono, na mara nyingi mkono wa chuma ulirudi nyuma ukavunja mkono wa mtu. Yeye alipitisha umeme wa betri katika dainamo, nazo zikageuka kuwa mota na kuziwasha injini. Kitu kimoja kilikuwa mtoaji na mpokeaji, kadiri ya haja. Magari ya mashindano ya leo yanatumia hila hiyo hiyo.

Kasoro hazikukosa. Vumbi na matope viliingia kila mahali. Uzito ulikuwa mwingi juu ya mipira ya magurudumu, na magurudumu ya mbele, yaliyobeba mota, yalikuwa mazito kuyageuza. Porsche hakuchoka. Mwaka 1901 akatengeneza gari lingine kwa kanuni hiyo hiyo, lakini lenye injini moja kubwa ya Daimler ya silinda nne mahali pa zile ndogo mbili, na betri ndogo. Hilo liliitwa Mixte, neno la Kifaransa lenye maana ya mchanganyiko.

Porsche hakuwa fundi wa kukaa mezani na kalamu tu. Aliamini kwamba mashine huhukumiwa njiani, na njia iliyo kali kupita zote ni ya mashindano. Mwezi wa Aprili 1902 aliliendesha mwenyewe gari la Mixte katika mashindano ya kupanda kilima cha Exelberg, karibu na Vienna, akawa wa kwanza katika fungu la magari makubwa. Kilima ndicho mahali palipofaa hasa kuonyesha kazi yake. Wakati madereva wengine walipohangaika na gia zao katika kona, yeye hakuwa na gia ya kubadili. Injini yake iliendelea kuunguruma kwa sauti ile ile, na mota zikavuta. Katika mwaka huo huo aliitwa katika utumishi wa askari wa akiba, akapewa kazi ya kumwendesha Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha Kaisari, katika gari la Mixte. Huyo ndiye aliyeuawa Sarajevo mwaka 1914, akiwa katika gari la watengenezaji wengine, na kifo chake kikaleta Vita Kuu.

Mwaka 1903 Porsche alimwoa Aloisia Kaes, binti aliyemfahamu tangu kazini kwa Egger. Wakapata watoto wawili, Louise mwaka 1904 na Ferdinand mdogo, aliyeitwa Ferry, mwaka 1909. Siku aliyozaliwa Ferry baba hakuwapo nyumbani. Alikuwa katika mashindano, na habari ikamfikia huko kwa simu ya maandishi. Watu wa nyumbani kwake walizoea hayo.

Magari ya Lohner na Porsche yalipata kuuzwa yapata 300, mengi yao ya betri tupu. Yale ya mchanganyiko yalikuwa ghali mno, kwa sababu mnunuzi alilipia injini, dainamo na mota, hali gari la petroli lilitaka injini peke yake. Bwana Lohner aliona fedha zake zinakwisha. Petroli ikawa rahisi, injini zikawa bora, na ulimwengu ukachagua petroli. Hiyo haikuwa hukumu ya kipumbavu. Kifaa cha kusawazisha nguvu mbili kila dakika kilikuwa mkono wa dereva, na mkono wa mtu hauwezi kufanya hesabu hiyo upesi kama inavyotakiwa. Wazo la Porsche lilikuwa limekuja kabla ya mashine ya kulitumikia.

Mwaka 1906 akahamia Austro-Daimler, katika mji wa Wiener Neustadt, akawa mkuu wa ufundi. Huko alitengeneza magari ya petroli yaliyokuwa mepesi na ya kasi. Mwaka 1910, katika mashindano marefu yaliyoitwa kwa jina la Prinz Heinrich, ndugu wa Kaisari wa Ujerumani, Porsche akiwa usukanini alishika nafasi ya kwanza, na wenzake wawili wa kampuni wakashika ya pili na ya tatu.

Wazo lake la zamani, hata hivyo, hakulizika. Jeshi la Austria lilitaka namna ya kukokota mizinga mikubwa kupita kiasi mahali pasipo na reli. Porsche akatengeneza msafara wa magari: gari la mbele lilibeba injini ya petroli na dainamo, na umeme ukapita kwa waya hata kwenye matrela, ambayo kila moja lilikuwa na mota katika magurudumu yake. Hivyo gari la mbele halikukokota mzigo. Kila trela lilijikokota lenyewe. Kwa njia hiyo mizinga ya Skoda ilipandishwa milimani katika Vita Kuu, ikaua watu wengi. Mwaka 1917 Chuo cha Ufundi cha Vienna kikampa shahada ya heshima ya udaktari. Ndicho chuo kile alichokuwa akipenya kwa siri bila ada. Herufi za shahada hiyo zimo katika jina kamili la kampuni yake hata leo.

Baada ya vita dola ya Austria ilivunjika, na fedha zikawa haba. Porsche alikuwa mtu wa hasira, mwenye kuona haraka kasoro za wengine na asiyependa kuambiwa kwamba jambo fulani ni ghali. Akagombana na wakubwa wa kampuni, akaondoka mwaka 1923. Akaenda Stuttgart, Ujerumani, kwa Daimler, watengenezaji wa Mercedes. Mwaka wa pili gari lake likashinda mashindano ya Targa Florio katika milima ya Sisili. Injini yake ilikuwa na pampu ya kusukuma hewa kwa nguvu ndani ya silinda, ili petroli nyingi zaidi iweze kuungua kwa mara moja. Huko pia hakudumu. Akaenda Steyr, kisha mwaka 1931 akafungua ofisi yake mwenyewe Stuttgart, pamoja na mkwewe Anton Piëch na Adolf Rosenberger, dereva hodari wa mashindano.

Mwaka 1934 gari lake la Auto Union lilitokea katika mashindano, nalo lilishangaza watu, maana injini ilikuwa nyuma ya dereva badala ya mbele. Ilikuwa na silinda kumi na sita. Mafundi wengine walitafuta nguvu kwa kuizungusha injini mbio sana. Porsche alitengeneza injini kubwa yenye kuvuta kwa nguvu hata ikizunguka polepole, dereva asihitaji kubadili gia mara nyingi. Fikira za siku za Semper Vivus zaonekana hapo, ijapokuwa umeme haumo. Gari lilikuwa na nguvu hata magurudumu ya nyuma yakateleza katika kona, na madereva wachache tu waliliweza. Bernd Rosemeyer, aliyeliweza kupita wote, alikuwa bingwa wa Ulaya mwaka 1936. Tarehe 28 Januari 1938 alikufa katika barabara kuu karibu na Frankfurt, akijaribu kuvunja rekodi ya mwendo.

Sehemu inayofuata ya maisha yake ni nzito kuisimulia, lakini haifai kuirukwa. Mwaka 1933 Adolf Hitler alishika utawala wa Ujerumani. Alipenda magari, akatoa fedha za serikali kwa magari ya mashindano, naye Porsche akapokea. Rosenberger, aliyesaidia kuanzisha ofisi ile, alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi. Mwaka 1935 akaondolewa katika kampuni kwa malipo kidogo, akatiwa kifungoni kwa muda, halafu akaiacha nchi. Porsche akaendelea na kazi. Mwaka 1937 aliingia katika chama cha Hitler. Alipewa kazi ya kutengeneza gari la bei nafuu kwa watu wote, yaani Volkswagen, na jiwe la msingi la kiwanda liliwekwa mwaka 1938. Watu yapata 336,000 waliweka akiba kidogo kidogo ili wapate gari hilo. Vita vikaja, wala hapana hata mmoja wao aliyepewa.

Katika vita kiwanda kilitengeneza vyombo vya jeshi. Watu yapata 20,000 walitumikishwa humo kwa shokoa: mateka wa vita, watu waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi zilizotekwa, na wafungwa wa kambi za mateso. Porsche alikuwa mmoja wa wakuu wa kiwanda hicho, na mkwewe Piëch pia. Wapo wanaosema kwamba hakujali siasa, alijali mashine tu. Huenda ni kweli, lakini mtu aliyelala njaa katika kambi ya kiwanda hakupata nafuu yoyote kwa sababu hiyo.

Katika vita hivyo wazo la nguvu mbili lilirudi mara ya tatu, nalo lilishindwa. Porsche alitengeneza kifaru kikubwa chenye injini mbili za petroli, zenye kuzungusha dainamo, na mota za umeme zikaendesha minyororo yake. Kilijaribiwa mwaka 1942. Injini zilipata joto kupita kiasi, mitambo ikawa mizito, na mota zikahitaji shaba nyingi wakati shaba ilikuwa adimu. Jeshi likachagua kifaru cha kampuni nyingine. Lakini Porsche alikuwa amekwisha kuwa na yapata 90 vilivyotengenezwa nusu, kwa hiyo vikageuzwa kuwa magari ya kubeba mizinga, vikapewa jina lake la Ferdinand, vikapelekwa Urusi mwaka 1943 katika vita vya Kursk. Vingi vikaachwa huko. Baada ya hapo akatengeneza kifaru kingine cha umeme, chenye uzito wa tani 188. Viwili tu vilitengenezwa, na chombo cha uzito huo hakikupata daraja la kukibeba. Fundi aliyejifunza katika ujana wake kwamba uzito ni adui alikuwa ameusahau somo hilo katika uzee, au alikuwa amepata bwana asiyetaka kulisikia.

Vita vikaisha mwaka 1945. Mwezi wa Desemba Wafaransa walimkamata Porsche pamoja na mwanawe na mkwewe. Ferry alifunguliwa upesi zaidi. Baba, aliyekuwa na miaka sabini, alifungwa mpaka Agosti 1947, sehemu kubwa katika gereza la Dijon lenye baridi, na afya yake ikavunjika. Fedha za kumtoa zilipatikana kwa njia inayolingana na maisha yake: tajiri mmoja wa Italia, Piero Dusio, aliiagiza ofisi ya Porsche imchoree gari la mashindano, na Ferry aliifanya kazi hiyo, akatumia malipo yake kumkomboa baba. Mzee alipotoka na kutazama michoro ya mwanawe, aliikubali.

Mwaka 1948 Ferry alitengeneza katika kijiji cha Gmünd, Austria, gari dogo la mbio, la kwanza kuitwa Porsche. Wakati huo kiwanda cha Volkswagen kilikuwa kimeanza kutoa magari yale ya bei nafuu kwa maelfu. Afrika ya Mashariki iliyafahamu vizuri: gari la namna hiyo lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Mwezi wa Novemba 1950 mzee Porsche alipelekwa kukitazama kiwanda, na njiani akaona magari yake barabarani kila upande. Muda mfupi baadaye alipatwa na kiharusi. Akafa Stuttgart tarehe 30 Januari 1951, akazikwa Zell am See, katika milima ya Austria.

Miaka mingi ilipita kabla kifaa alichokikosa kupatikana. Kompyuta ndogo iliyofungwa ndani ya gari huweza kuuliza mara nyingi katika dakika moja injini inazunguka kiasi gani, betri ina nini, dereva amekanyaga wapi, na kona iko mbali gani, kisha hugawa kazi kati ya petroli na umeme upesi kuliko mkono wa mtu. Mwaka 2010 kampuni ya Porsche ilipeleka gari la nguvu mbili katika mashindano ya saa 24 ya Nürburgring, Ujerumani. Liliongoza, na zikiwa zimebaki saa chini ya mbili likasimama. Kilichovunjika hakikuwa umeme, bali injini ya petroli.

Kisha likaja gari lililoitwa 919 Hybrid. Injini yake ya petroli ilikuwa na silinda nne tu, za lita mbili kwa jumla. Dereva alipofunga breki, mota ya magurudumu ya mbele iligeuka kuwa dainamo, na nguvu ambayo ingepotea kuwa joto ikaingia betrini. Hata moshi uliotoka injinini ulipitishwa katika feni ndogo ya kuzalisha umeme. Kwa kila mzunguko wa Le Mans, wenye kilometa zaidi ya 13, sheria iliweka mpaka wa petroli na mpaka wa umeme, hivyo shindano lilikuwa la kutumia vema na si la kuwa na nguvu nyingi tu. Kompyuta ilitoa umeme wakati wa kutoka katika kona, pale injini ya petroli inapokuwa dhaifu. Gari hilo lilishinda saa 24 za Le Mans mwaka 2015, 2016 na 2017.

Semper Vivus la asili halipo tena. Mwaka 2011 mafundi walilijenga upya kwa kufuata michoro na picha za zamani, wakaweka katikati yake injini mbili za De Dion-Bouton, na mota katika vitovu vya magurudumu ya mbele. Lilionyeshwa Geneva mwaka huo, nalo linakwenda.